Kuulizwa Mara Mbili

Nimekula mshahara wa mitihani karibu maisha yangu yote. Nimetunga maswali, nimeyajaribu kwa watoto wa watu, nimechora grafu na kukokotoa mpaka macho yakaingia ukungu. Vijana niliowafundisha kazi hii hunicheka, kwa sababu kabla hawajawapa watoto mtihani kwa mara ya pili, mimi huwalazimisha wasimame mbele ya darasa waeleze kwa nini wanaurudia. Wao huona hayo ni mambo ya bibi kizee. Wana haraka ya kufika kwenye hesabu. Nawaambia hesabu haina pa kwenda, itawasubiri, na kama wana nafasi nawaeleza kisa chenyewe.

Tulikaa kijijini karibu na Mtambile, kisiwani Pemba, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa darasa la mwisho katika skuli yetu, na kulikuwa na jambo moja tu nililolitaka duniani: kwenda Unguja kusoma sekondari ya wasichana, nilale dakhalia, bwenini, na wenzangu. Baba hakuwa mtu wa kukataa elimu. Alikuwa mkulima wa karafuu na muhogo, na alinisomesha wakati majirani wawili watatu walikwisha kumshauri aniozeshe. Lakini Unguja ni kuvuka bahari, na mtoto wa kike ni mtoto wa kike. Kwa hiyo alinipa sharti. Nikifaulu bila ya shaka yoyote, nitakwenda. Shaka ikiingia, nitabaki.

Mwaka ule ukaletwa mtihani wa namna mpya. Aliyekuja nao ni kijana wa Unguja aliyetoka masomoni ng'ambo, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi hata nzi angeteleza. Kwa siri tulimwita Bwana Mtihani. Badala ya insha, alitupa karatasi yenye maswali mafupi, kila swali lina majibu manne, unachagua moja. Kulikuwa na maumbo, na namba zinazofuatana ukatafute ya mwisho. Nikaufurahia kama mchezo. Nilitoka nje nacheka peke yangu, na Bi Mwalimu, aliyekuwa akitusomesha, alikuja kuniambia kwamba niliongoza darasa.

Baada ya wiki mbili hivi Bwana Mtihani akarudi, akatugawia karatasi tena. Nikaitazama yangu, moyo ukanipasuka paa. Maswali ni yale yale.

Hapa sina budi nieleze malezi yetu. Chuoni tulikosoma Kurani, ukisoma aya mbele ya mwalimu naye akasema "ehe?", huhitaji kuambiwa zaidi, umeteleza, rudi urekebishe. Nyumbani ni hivyo hivyo. Mama akikuuliza umeiweka wapi kata ya maji, ukajibu, akakuuliza tena, basi jibu lako la kwanza halikumridhisha, na ole wako ulirudie. Mtoto anayemrudishia mkubwa neno lile lile ni mkaidi, na anayelaumiwa ni mama yake. Hakuna aliyekaa akatufunza haya. Tuliyanyonya ziwani.

Kwa hiyo nilifahamu mara moja: tumekosa sote, na mtu huyu kwa ungwana wake ametupa nafasi ya kujirekebisha. Nikaanza kuyasaka makosa yangu. Swali nililolijua kabisa nikalitilia shaka, nikaliacha jibu langu nikahamia jingine. Wenzangu wote wenye kusikia la mkubwa walifanya vivyo hivyo. Aliyebaki na majibu yake ni msichana mmoja mtundu, mwenye kuzoea bakora, ambaye hakuujali mtihani wa kwanza wala wa pili. Mara ya kwanza alikosa, na mara ya pili akakosa yale yale. Kwa kipimo cha Bwana Mtihani, huyo ndiye aliyekuwa wa kutegemewa kuliko sisi sote.

Leo najua maskini yule alikuwa akitafuta nini. Mtihani ni mizani. Ukipima kitu leo na ukakipima tena kesho, nacho hakikubadilika, mizani njema itasema neno moja. Alichora grafu, alama za kwanza chini, za pili pembeni, kila mtoto na nukta yake. Lau mtihani ungekuwa wa kuaminika, nukta zingepanda pamoja kwa mshazari. Zetu zilitawanyika kama karafuu zilizomwagika uani. Mjini Unguja, alikoujaribu kabla ya kuja kwetu, zilikuwa zimejipanga vizuri. Basi shaka ikatuangukia sisi: huenda mara ya kwanza tuliangalizia. Akasema waliobadilika sana wasipelekwe popote mpaka jambo lao lijulikane, na mimi ndiye niliyebadilika kuliko wote.

Habari hazilali Pemba. Baba alizipata kabla sijafika nyumbani. Hakunipiga wala hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alimwambia mama, nami nasikia: "Ntoto leo kafaulu, kesho kafeli. Mie n'tajuaje ipi ndiyo akili yake?" Kisha akasema basi, sitakwenda.

Aliyenitoa shimoni ni Bi Mwalimu. Alikuwa mwanamke wa Wete, mkali, hana mchezo na mtu. Aliniita baada ya masomo akaniwekea karatasi zote mbili. Tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne, kisha nini? Mara ya kwanza umesema arobaini na nane, na ndiyo, akaniambia, mara ya pili umesema thelathini na sita, kulikoni? Nikamjibu huku nafuta makamasi kwamba nilijua ni arobaini na nane, lakini kwani si tulirudishiwa? Akanitolea macho. Kisha akakaa kwenye dawati, mtu mzima yule, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya buibui. Nami nikazidi kulia, nikidhani ananicheka.

Kesho yake alimwita baba skuli, akamwita na Bwana Mtihani, aliyekuwa bado hajavuka. Ninamshukuru kijana yule mpaka leo. Wangapi wangejitia hamnazo, wakaandika kwamba watoto wa Pemba ni waongo, wakapanda zao meli. Yeye alimsikiliza Bi Mwalimu mpaka mwisho, akasema angependa kuona kwa macho yake. Akanisimamisha mbele ya baba. Tano, kumi, ishirini, arobaini, kisha? Nikasema themanini. Akauliza tena, uso wake haukubadilika hata kidogo. Nikasema sitini.

Nilijua ni themanini. Nilijua kama ninavyolijua jina langu, na ulimi ukasema sitini. Bwana Mtihani akashusha pumzi, akachuchumaa na suruali yake ile mpaka macho yetu yakalingana. Sikuwahi kuona mkubwa akimfanyia hivyo mtoto asiye wake.

"Nikikuuliza tena, si kwamba umekosa," akasema. "Naupima mtihani wangu, sikupimi wewe. Haya, kisha ngapi?"

Nikamtazama baba, kwa sababu adabu ile ilikuwa yake, ndiye aliyenilea nayo, na kuivunja mbele yake nilikuwa siwezi. Amekaa kwenye kiti cha mwalimu, kofia ameivua ameishika mapajani.

"Sema lilo lako, mwanangu," akasema. "Kama ndilo, ndilo."

Nikasema themanini. Bwana Mtihani akaniuliza tena, nikasema themanini. Akaniuliza tena, na safari hii nilijibu kwa sauti hata Bi Mwalimu akaniambia taratibu.

Wenzangu wa fani watanikosoa hapa, kwamba kutuuliza maswali yale kwa mara ya tatu kusingekuwa na maana, tulikwisha kuyazoea. Kweli, naye Bwana Mtihani alilijua hilo. Alitunga karatasi nyingine, maswali mapya yenye ugumu ule ule, na kabla ya kutugawia akatuchezesha: anauliza, tunajibu, anauliza tena, anayebadilisha tunamcheka. Ndipo tukafanya mtihani, na siku chache baadaye karatasi ya pili inayolingana nayo. Nukta zikajipanga. Yule mtundu wetu naye alipanda, kwa kuwa safari hii aliona haya kuwa wa mwisho.

Siku ya majibu baba alikuja mwenyewe skuli. Bi Mwalimu akamwambia mbele yangu kwamba shaka imeondoka, na kwamba nafasi yangu Unguja ipo kama anairidhia. Baba akamshukuru, akatangulia njia, nami nyuma yake. Roho yangu ilikuwa juu juu. Sharti lilikuwa limetimia, lakini sharti ni la baba, na baba akitaka kulivunja nani atamuuliza? Tulipita katikati ya mikarafuu mpaka karibu na nyumbani. Hapo akasimama.

"Unataka kwenda Unguja?"

"Nataka, baba."

Akatazama chini, akawa anakichokonoa kijiwe kwa kidole cha mguu. Nilijua anachoogopa: bahari, maneno ya watu, nyumba bila ya mimi. Nilikuwa mtoto lakini nilijua. Kisha akaniuliza tena, polepole, wala hakunitazama.

"Unataka kwenda Unguja?"

Malezi yangu yote yalinitaka niseme la. Nilimpenda sana baba yangu, na la lilikwisha kufika ulimini. Nikapiga moyo konde.

"Nataka, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema tumwambie mama anitafutie sanduku, kisha akaendelea na njia. Wasichana wa siku zile hawakuulizwa hata mara moja. Mimi baba yangu, Mungu amrehemu, aliniuliza mara mbili.