Cheti Kilichofungiwa Kabatini

Bonaventura Msengi alikuwa mkutubi msaidizi wa shule moja ya binafsi pale Mandewa kwa miaka kumi na saba. Alitoka Kinyangiri na cheti cha ukutubi alichokisotea Bagamoyo, na siku ya kuajiriwa ofisi ilikichukua ikakifungia kabatini. Ndio utaratibu, aliambiwa, ili watumishi wasihamehame. Hakujali. Wakati ule hakuwa na mpango wa kwenda kokote.

Mwaka huu, mwezi wa tano, meneja Calist alimkuta akigonga mihuri kwenye vitabu vya fizikia.

"Mwalimu Bona, hiki chumba kinakuwa cha kompyuta. Wazazi wanataka kompyuta."

"Na vitabu?"

"Vitakwenda stoo. Wewe mwezi wa saba tutakuweka chekechea, mwalimu msaidizi kwa Belinda. Ila mshahara utakuwa wa chekechea."

Alikuwa akipokea laki tatu. Msaidizi wa chekechea alilipwa laki na nusu. Kuondoka hakuweza, kwa sababu binti yake Rebeka alikuwa kidato cha tatu hapohapo, akisoma bila ada kama mtoto wa mtumishi.

Mchana alimfuata Belinda, msichana wa kumzaa kabisa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hebu niambie ukweli, mwanangu. Kazi yako ina maisha?"

"Hela hamna, sikufichi. Likizo hulipwi hata senti. Lakini kazi zipo. Shule zinafunguliwa kila kukicha na zote zinatafuta wasaidizi. Mimi hapa ni shule ya tatu. Kwani wewe matangazo ya wakutubi unayaona?"

Alikuwa ameyaona manne tangu aajiriwe. Kila tangazo nafasi moja, waombaji mamia.

La tano lilitoka mwezi wa sita. Halmashauri moja ilitaka mkutubi msaidizi mmoja, kwa mshahara karibu mara mbili ya wake, na pensheni juu. Umri usizidi miaka arobaini na mitano, na Bonaventura angetimiza arobaini na sita mwezi wa nane. Aliomba. Katikati ya mwezi wa saba jina lake likatoka kwenye orodha ya usaili, Dodoma. Mkewe Scholastika aliruka kama msichana, kisha akakamata majogoo sita kwenda kuwauza apate nauli ya mumewe.

Msailiwa alitakiwa aende na cheti halisi.

"Vyeti vyote anavyo mwenye shule, Dar," Calist alisema. "Kabati tulilihamisha."

"Meneja, usaili ni Jumamosi."

"Mpigie."

Alipiga siku nne. Simu iliita mpaka ikakatika yenyewe. Ijumaa akapanda basi na nakala kivuli ya cheti ndani ya bahasha.

Mlangoni kwenye usaili dada mwenye orodha alikigeuza kile kivuli, akamrudishia. "Cheti halisi, baba."

"Wanacho kazini kwangu. Piga hata simu, nakusihi. Mwakani nitakuwa nimepitwa na umri."

"Ndio utaratibu. Naomba uwapishe wengine."

Hakuondoka. Alisimama juani saa mbili nzima, na wenzake walipotoka akamuuliza mmoja wameulizwa nini. Kijana akamwambia: jinsi ya kuvipa vitabu namba, jinsi ya kuhesabu vilivyopotea. Bonaventura alijua yote. Akaenda nyuma ya choo cha lile jengo akalia, mtu mzima, kofia imemfunika uso.

Nyumbani Scholastika alimtazama tu akajua.

"Hata ndani hukuingia?"

"Sikuingia."

"Na sasa?"

"Jumatatu naanza chekechea."

Akaanza. Watoto arobaini na mmoja, kamasi, suruali zilizoloa, nyimbo za kupiga makofi. Wazazi waliomzoea maktabani walimsalimia huku wakitazama pembeni. Mwezi wa tisa, umri ukiwa umeshampita, Calist alimkabidhi cheti chake halisi, kimefika kutoka Dar. "Samahani, mwalimu. Si unajua mambo ya ofisi."

Mwezi wa kumi Belinda akapata shule nyingine, Manyoni, kwa nyongeza ya elfu themanini. Aliaga Ijumaa, Jumatatu hayupo. Bonaventura alikwenda ofisini.

"Meneja, darasa zima sasa nalibeba peke yangu. Nipeni basi mshahara wa Belinda."

Calist hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Belinda alikuwa na cheti cha ualimu wa awali. Wewe una cha ukutubi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huna sifa. Tukipata mwenye sifa, wewe utamsaidia."

Kutoka darasani zilisikika kelele, mtoto mmoja akilia kwa nguvu kuliko wenzake. Bonaventura akageuka, akaenda kumnyamazisha.