Neno Lililokatazwa Ghalani

Mume wangu ni mtu wa baridi, na simsengenyi, ndiyo kazi yake. Ni msimamizi wa ghala la uwanja wa ndege, upande wa vyakula vinavyosafiri kwenda nje: mboga, matunda, samaki. Huko wanamwita Mainasi, kwa sababu hamalizi sentensi bila kutaja mainasi ngapi, yaani digrii chini ya sifuri. Wanawake wenzangu wanafua mashati ya waume zao. Mimi nafua koti nene kama godoro, naanika kwenye jua la kupasua kichwa, na majirani wananiuliza kama tunahamia mlimani.

Ana kipimajoto chenye sindano ndefu ya chuma ya kudungia minofu. Siku moja alirudi nacho nyumbani, akakidunga kwenye chai yangu, akatikisa kichwa. "Mama, hii chai umeichemsha au umeitishia tu?" Tangu siku hiyo kipimajoto kinalala kazini. Mimi ndiye niliyekifukuza.

Sasa, ghala lao lina vyumba viwili. Kimoja kina ubaridi wa kawaida, cha vitu vibichi ambavyo havitakiwi kuganda. Kingine ni friza, na humo ukipiga chafya inaganda kabla haijatoka. Paleti, yaani mzigo uliopangwa juu ya mbao, ikishushwa kutoka kwenye lori, dereva wa foklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, anauliza kwa redio ya mkononi iende wapi, na msimamizi anajibu neno moja tu. Akisema "freshi", inaingia chumba cha vitu vibichi. Akisema "friza", inaingia friza. Rahisi, au siyo?

Siyo. Kwa sababu watu wa ghalani ni watu kama sisi. Ukimuuliza hali, anakwambia freshi. Umekula? Freshi. Mkeo amerudi? Freshi tu, kaka. Mainasi alipokabidhiwa usimamizi akalipiga neno hilo marufuku. "Ukiulizwa hali sema nzuri, sema salama, sema hata unaumwa. Freshi ni jina la chumba." Aliyeteleza alifagia friza. Kidogo kidogo marufuku ikahamia kwangu sebuleni, na watoto wakawa wanalisema makusudi ili wamwone baba yao anavyoruka kwenye kiti.

Nacheka, lakini msimamo huo ulikuwa na faida. Miaka tisa hakuwahi kuandikiwa fomu nyekundu, ile ya makosa. Na mwaka huu mkuu wa ghala zima alikuwa anastaafu. Barua ya cheo ilikuwa tayari mezani kwa meneja, imebaki saini, na jina lililokuwemo ni la mume wangu. Nikwambie ukweli, cheo chenyewe sikukitaka kwa ajili ya kuringa. Nilikitaka kwa ajili ya magoti yake. Baridi imeyala. Asubuhi anashuka kitandani ameshika ukuta, na akidhani sioni ananung'unika. Mkuu wa ghala ana ofisi yenye dirisha linaloingiza jua. Nilishalishonea pazia, mjinga mimi.

Basi siku yenyewe, binti yetu alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mimi nilikuwa naye hospitali tangu alfajiri, baba yake yuko kazini. Asingeweza kuacha kazi, kwa sababu asubuhi hiyo alikuwa anapokea paleti ya mjane mmoja mwenye kiwanda kidogo cha minofu ya samaki. Ulikuwa mzigo wake wa kwanza kupeleka nje, na Mainasi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga, kugandisha na kuandika lebo. Minofu ya kugandishwa. Ya friza. Usisahau hapo.

Saa nne mkunga akatoka, akaniambia ni mtoto wa kike. Nikapiga simu. "Baba, tumepata mjukuu!" Akauliza, "Na mama yake?" Nikamwambia, "Wazima wote wawili."

Nikasikia mtu anapiga kelele kama kafunga goli. "Freshi! Freshi kabisa!"

Miaka tisa! Na simu ilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alikuwa na redio, kidole gumba kimekandamiza kitufe, na dereva wa foklifti alikuwa ndiyo kwanza ameuliza ile paleti ya mjane iende wapi. Dereva akaipeleka chumba cha vitu vibichi. Baadaye alipoulizwa kama hakuona lebo, alijibu, "Niliiona. Lakini msimamizi mwenyewe alisema freshi, tena akaongeza kabisa. Mimi nani nibishe?"

Babu mpya akaenda kunawa uso, maana alikuwa analia, ingawa mpaka leo anasingizia vumbi. Halafu akapokea pongezi za karani, za mlinzi, za mfagiaji. Zikapita dakika hamsini. Alipoingia friza kupima mzigo kabla ya ndege, hakuukuta.

Alinipigia akiwa kando ya ile paleti. Sikuijua sauti yake. "Mama, nimeharibu." Kanuni ya ghala inataka mainasi kumi na nane au chini ya hapo. Katoni za nje zilikuwa mainasi kumi na saba. Mzigo ukipanda hata digrii moja unarudishwa friza siku nzima, unapimwa upya, na aliyekosea anaandikiwa fomu nyekundu.

"Digrii moja?" nikamuuliza.

"Moja."

"Nani mwingine ameona?"

"Dereva. Anasema niandike kumi na nane."

Sasa nisikilize, maana hapa sijipambi. Nilisema, "Dereva ana akili. Andika kumi na nane, baba, uje umwone mjukuu wako." Nilifikiria magoti, nikafikiria lile dirisha. Akasema, "Haiwezekani, mama," na akakata simu.

Akaijaza fomu kwa mkono wake mwenyewe. Penye sababu ya kosa aliandika: "Msimamizi alitamka neno alilolikataza mwenyewe." Akampigia mjane, akamweleza kila kitu bila kumsingizia dereva. Mjane alilia, halafu akamtukana, na yeye akasubiri mpaka amalize. Mzigo uliondoka kesho yake ukiwa mainasi ishirini, ukapokelewa vizuri. Cheo kilikwenda kwa mwingine. Jamaa mzuri tu, ana magoti mazima.

Nilinuna siku nne. Chakula nilimwekea, maneno sikumpa.

Siku ya tano binti yetu, ambaye amekuja kupumzika kwetu, alikuta chupa ya maziwa aliyokamua imesahaulika mezani. Akaniuliza kama bado yanafaa. Nikamwambia yanafaa, mbona nyie nimewalea wanne na wote mmekua? Jirani naye akasema yanafaa. Binti akaifunika chupa. "Ngoja nimuulize baba."

"Baba! Baba yako amenyonyesha lini?"

"Hajanyonyesha, mama. Lakini baba hawezi kunipunguzia hata digrii moja."

Alisema hivyo huku anambembeleza mtoto, wala hakuwa ananisema mimi. Mimi ndiye niliyejisikia nimesemwa. Nikakaa, nikasimama, nikachukua simu nikapiga mwenyewe. Yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake tangu siku ile.

"Maziwa ya mtoto yalisahaulika mezani."

"Yamekaa masaa mangapi? Mwisho ni manne."

Binti alikuwa hajui, aliyejua ni mimi. Nilikuwa na matatu mdomoni, mepesi kabisa, tayari kutoka.

"Matano," nikasema.

"Mwaga, mama."

Nikamwaga.