Sala Ilitoka, Jibu Likakwama

Mwaka ambao wanunuzi binafsi wa pamba walianza kufika kijijini kwetu Guta na malori yao, baba alipatwa na kiharusi akiwafunga maksai plau. Mkono uliopooza ulirudi baada ya wiki chache. Maneno hayakurudi.

Hospitalini Musoma nilimfokea daktari, naye akanieleza taratibu. "Akili yake iko sawa. Maneno anayo. Ulimi haujapooza. Ila sehemu ya ubongo inayopanga ulimi uende wapi na midomo ifunge wakati gani ndiyo imeumia. Aliyoyazoea, kama kuhesabu au kusali, yanaweza kutoka yenyewe. Analolikusudia ndilo linakwama. Mpe muda, usimmalizie."

Nilimmalizia kila siku. Sina subira, na kumtazama akitafuta neno kwa midomo, akikosea, akianza upya, kulinichoma. Akifungua kinywa tu, mimi nimeshasema: maji, uji, nje.

Baba mdogo alitaka maksai wetu wanne wahamie kwake. Alidai kaka yake amepotewa na akili. Bila maksai shamba letu lingelala, na njaa ingetukuta hapohapo. Ukoo ukaitwa. Kwetu mali ya mtu aliye hai haikabidhiwi mpaka atamke kwa kinywa chake mbele ya ndugu.

Tulikaa uani asubuhi. Kikao kikafunguliwa kwa sala ya Baba Yetu. Baba akasali pamoja nasi kwa sauti yake ya zamani, neno kwa neno, mpaka amina. Nilijua kinachokuja.

Mzee wa ukoo akamuuliza, "Ndugu yangu, maksai unamwachia nani?"

Midomo ya baba ikabana, ikaachia, ikabana tena. Jasho likamtoka. Neno halikutoka.

"Mmeona?" baba mdogo akaruka. "Kusali ameweza, wote tumemsikia. Kumbe siku zote alikuwaga anatuigizia! Anatudharau huyu."

Watu wakaguna. Nikasimama katikati ya wazee. Nikawaambia sala ni njia ambayo ulimi wake umeipita maisha yote, hauhitaji kuelekezwa. Jibu ni njia mpya, na mwelekezaji ndiye aliyeumia. "Maneno yamo ndani yake," nikasema. "Anataka kusema mama. Wabaki kwa mama."

Baba akagonga mkongojo chini. Akatikisa kichwa.

Baba mdogo akatabasamu. Nilikaa, uso ukiniwaka kwa aibu. Miezi mitatu nilikuwa nikimsemea, sikuwahi kungoja nisikie anataka nini.

"Mwacheni," mzee akasema. "Tutasubiri."

Tukasubiri mpaka kivuli cha nyumba kikatuacha juani. Hatimaye baba akainuka, akaenda zizini, akarudi na kamba ya maksai. Akampita mdogo wake. Akampita mama. Akaiweka mikononi mwangu, mimi binti yake, niliyeachika nikarudi nyumbani, ambaye hata kwenye hesabu ya warithi sikuwa nimejiweka.

"Huyu?" mzee akauliza. "Tunahitaji kinywa, ndugu yangu."

Midomo ikaanza kutafuta. Watu wote walinitazama mimi, kana kwamba wanangoja nimalizie kama kawaida yangu. Nikauma meno, nikaishika kamba.

"We," baba akasema. Akakosea, akaanza upya. "Wewe."