Sahihi ya Marehemu

Mideva alipopunguzwa kazi serikalini mwaka 1993, alinunua taipu kuukuu kwenye mnada, akaitandikia meza kwenye veranda ya duka la dawa mjini Kakamega. Kila asubuhi alitoka kwake Shieywe kwa miguu na kiondo chake cha karatasi na kaboni. Watu walimletea maombi ya kazi, barua za mahakama, ratiba za mazishi. Alipiga chochote alicholetewa, na hakumsimulia mtu.

"Mimi nauzanga herufi," alizoea kusema. "Maneno ni ya mwenyewe."

Siasa hakuitaka. Aliwahi kuwapigia chama tawala na wapinzani matangazo yao siku moja, wakipokezana benchi.

Februari 1996 alifika mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio wa kijani. Aliitwa Zeituni, mjane, mkulima wa miwa kutoka Musanda na mwanachama wa Ushirika wa Eshilakwe.

"Salaam aleikum, mama. Nataka barua ya kumuuliza mwenyekiti wetu."

"Kumuuliza nini?"

"Trekta zetu ziko wapi."

Ushirika ulikuwa na trekta nne, mali ya wanachama wote. Lakini mwenyekiti, Bwana Makhanu, alizituma kwanza kwenye shamba lake na mashamba ya rafiki zake. Miwa ya Zeituni ilikatwa, ikalala chini wiki tano bila trekta ya kuibeba, ikakauka kama kuni. Makhanu alikuwa pia kigogo wa chama tawala katika tarafa; hata chifu alisimama akimwona. Mkutano mkuu haukuwa umeitwa kwa miaka minne.

Zeituni alikuwa amebeba kijitabu cha katiba ya ushirika ili anwani isikosewe. Mideva, kwa mazoea ya ofisi, akakisoma chote. Ukurasa wa tisa akaweka kidole.

"Barua ya mtu mmoja wataifungia maandazi. Hapa pameandikwa wanachama mia moja wakitia sahihi, mkutano lazima uitwe. Mwenyekiti akikataa, afisa wa ushirika anauita mwenyewe."

Zeituni alikitazama kijitabu kile kilichokaa sandukuni tangu mumewe afe. "Kumbe dawa tumekuwa tukiilalia," akasema.

Barua ikapigwa. Baada ya wiki tatu ilikuwa na sahihi mia moja na nne, nyingine za dole gumba. Nakala moja ikaenda kwa Makhanu, nyingine kwa afisa wa ushirika.

Haikumwia vigumu Makhanu kujua ilikopigwa. Herufi *m* ya taipu ya Mideva iliruka juu ya mstari, na makarani wote wa mjini waliijua. Katikati ya Aprili akamtuma karani wake, Sydney, kijana mpole mwenye tai. Hakuja kugomba, alileta kazi. Ilikuwa orodha ya watu kumi na wawili waliosema kwamba walidanganywa na sasa wanaondoa sahihi zao. Ikipigwa kwa taipu ile ile, nani angeitilia shaka?

Mideva akaanza kupiga. Kufika jina la sita, vidole vikasimama.

"Sydney, Erastus Makokha huyu ni yule wa karibu na kisima, Musanda?"

"Ndiye, mama."

"Ratiba ya mazishi yake niliipiga wiki iliyopita. Na hii imeandikwa jana."

"Piga tu, mama. Si unasemanga maneno ni ya mwenyewe?"

"Mwenyewe yuko kaburini."

Akaichomoa karatasi, akaichana, akamrudishia Sydney rasimu yake. Hakujiona shujaa. Alifikiria kodi ya nyumba na binti yake aliyekuwa kidato cha tatu.

Siku mbili baadaye askari walifika kuuliza leseni. Aliwaonyesha. Wakasema haitoshi, wakaibeba taipu. Jioni ile Mideva akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani: alimpelekea Zeituni habari za kazi ya mteja.

Makhanu alipata mpigaji mwingine, orodha ikamfikia afisa wa ushirika, Bi Jepkemboi. Afisa akaita wanachama wote kwenye uwanja wa shule ili aamue. Mideva, aliyekuja na Zeituni, alipoinua mkono, Makhanu akasimama.

"Huyu si mwanachama. Hana kauli hapa."

"Ni kweli," akasema Bi Jepkemboi. "Keti, mama."

Mideva akaketi. Ndipo Zeituni akainuka.

"Mimi ni mwanachama. Naomba hayo majina yasomwe, kila mmoja asimame ajisemee."

Yakasomwa. Watatu walikiri kuondoa sahihi. Wengine waliapa kwamba orodha hiyo hawajaiona. Liliposomwa la Erastus Makokha, mjane wake akasimama nyuma kabisa, amevaa nguo ya matanga.

"Kama aliandika baada ya kufa," akasema, "basi mnionyeshe alikoketi akiandika. Mimi pia nina la kumuuliza."

Hakuna aliyecheka. Sydney alikuwa ameinamisha kichwa. Bi Jepkemboi akafunga faili, akasema sahihi zilizobaki zinatosha, na mkutano huo ndio mkutano mkuu. Kura ya kuchagua mwenyekiti ikapigwa kwa siri, ndani ya masanduku, na Makhanu akashindwa kwa kura thelathini na moja. Hakushtakiwa. Trekta mbili zilirudi. Nyingine mbili hazikuonekana tena.

Taipu ilirudishwa mwezi wa Agosti. Wateja wa ofisini hawakurudi, na hata baadhi ya watu wa kawaida walipitia upande wa pili wa barabara, kwa kuwa sasa walijua kwamba Mideva anaweza kusema. Hilo lilimuuma kuliko askari.

Mwenyekiti mpya alikuwa Abdulmalik, binamu yake Zeituni. Mwaka 1998 naye alianza kuahirisha mkutano mkuu, kwanza mwezi mmoja, kisha miwili. Zeituni alienda ofisini kwake na chakula chake, obusuma, ugali wa kwao, na mboga, akakaa kwenye kiti cha wageni tangu asubuhi. Saa tisa Abdulmalik akachukua kalamu, akaandika tarehe ya mkutano.