Safari ya Taveta Uani kwa Babu Kombo

Enzi zetu, na wa rika langu mtaniunga mkono, kwenda bara hakukutaka gari moshi. Sisi tulikwenda Taveta kila Alhamisi chuo cha Kurani kikishafungwa, na kabla ya magharibi tumesharudi mtaani kwetu Kibokoni, miguu imejaa vumbi.

Babu Kombo, jirani yetu, ujanani alikuwa mpagazi wa misafara ya bara. Alipozeeka aliugeuza ua wake kuwa njia ile ile. Ukizunguka kisima mara moja umefika Rabai, mara ya pili Taru, ya tatu Maungu, na ya nne ndiyo Taveta, ambako mkewe alitungoja na sinia la kaimati zimelowa shira. Kila mtoto alitwikwa furushi la makumbi ya nazi lililofungwa kwa jamvi. Taru hapakuwa na maji, ungelia usipewe hata tone. Na sharti lilikuwa moja: kirangozi, yule anayetangulia na bendera, akitua mzigo, wote hutua, na msafara hurudi mlangoni, ndiko Mombasa, kuanza upya.

Siku zote kirangozi alikuwa mvulana. Niliomba, nikanuna, nikaapa siji tena, na Alhamisi iliyofuata nikawa wa kwanza mlangoni. Siku Babu Kombo aliponipa bendera, kichwa kilinivimba hata furushi likawa halikai.

Tumeshapita Maungu, kaimati zanukia, mara akaingia maalim wetu wa chuo. Basi sisi tulivyolelewa, mkubwa humpi mkono nawe umejitwika mzigo! Sikufikiri. Nikatua, nikaenda kumbusu mkono. Nyuma yangu nikasikia pu, pu, pu, watoto tisa wametua.

Nililia pale pale. Wavulana wakanung'unika ati ndiyo mambo ya kumpa msichana bendera. Babu Kombo akawatazama, kisha akamgeukia maalim.

"Maalim, wapagazi wangu wametua kwa heshima yako. Twaa mzigo, twende Rabai."

Na maalim yule, ambaye bakora yake ilitunyima usingizi, akapandisha kanzu, akajitwika furushi, akanifuata mimi nyuma mpaka Taveta. Wallahi, sijapata tena furaha kama ile. Kaimati alizila kutushinda sote.

Siku hizi nikiingia sebuleni, wajukuu wangu wamejilaza na simu zao, shikamoo yaja bila kichwa kuinuka. Mzigo hawana hata mmoja. Nami husimama kidogo pale mlangoni, mkono nimeshaunyoosha, nangoja mmoja wao atue.