Mzee wa Korti kutoka Nungwi

Baba aliposhitakiwa kwa kuichoma nyumba ya jirani kwa kusudi, sikujishughulisha na jaji. Jaji tulijua ni Mzungu. Nilitaka kujua wale wazee watatu wanaokaa pembeni mwake na kumpa rai zao kabla hajahukumu wanatoka wapi, na nani kawachagua.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nikisomesha skuli ya wasichana mjini, na mdomo ninao. Nilikwenda kortini mara mbili kusikiliza kesi za watu wengine, na mara zote mbili niliwakuta wazee wale wale: mwenye duka la vitambaa, karani mstaafu, na mmoja aliyekuwa akisinzia. Watu wa heshima zao, sikatai, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuchoma chokaa. Baba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, huko nyuma ya Mtoni: kupanga magogo duara, kuyapakia mawe ya pwani juu yake, kisha kuwasha. Rundo hilo tunaliita tanu. Yeye alisema upepo uliuchukua moto ukashika makuti ya jirani. Serikali ilisema alikusudia, kwa kuwa wawili hao walikuwa wakigombania mpaka wa kiwanja. Nani kati ya wale watatu angejua ukweli uko wapi?

Nikamwendea karani wa korti.

"Orodha ya wazee wa korti inatoka kwa mamudiri wa wilaya," aliniambia. "Kila mwaka wanawaandikia masheha wa vijiji walete majina. Masheha wa shamba hawaleti. Sisi tufanyeje? Tunawaita waliopo."

"Kwa nini hawaleti?"

"Kawaulize wenyewe, Bi mdogo. Orodha mpya inafungwa mwezi ujao."

Akanionya kwamba mtu wa kijiji chetu hawezi kukaa kwenye kesi ya baba, na kwamba nikithubutu kumtajia mzee yeyote habari za kesi hiyo, nitashitakiwa mimi. Basi skuli ilipofungwa nikaelekea kaskazini, ambako hakuna aliyemjua baba.

Mkokotoni sheha alinicheka. Kila akifika mtu na karatasi ya korti, alisema, wanaume wote wanapotea. Kwao, mtu ambaye jina lake limeandikwa kortini ni mtu aliyekosa. Nilipandwa na hasira nikawafuata wanaume hao barazani.

"Mnakimbia kuandikwa, halafu mnalalamika kuwa mnahukumiwa na watu wa mjini!"

Hawakupenda kuambiwa hivyo na mtoto wa kike, lakini wawili walikubali. Nungwi nilimkuta mzee mmoja akipanga magogo ya tanu lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karani gani huyu mwenye buibui?"

"Mie si karani. Natafuta watu wanaozijua kazi za huku shamba, wakae na jaji kortini."

"Na tanu langu atalingoja nani?"

Sikuondoka. Nilimsaidia kubeba mawe kutwa nzima, mpaka viganja vikachubuka. Jua lilipopungua akasema, "Haya, mwambie sheha aniandike. Lakini ntasema nnachokijua, si nnachotakiwa kusema."

"Hicho hicho ndicho tunachokitaka," nilimjibu, na nikajiona hodari kweli kweli.

Kesi ya baba ilipofika, wazee wawili walikuwa wale wa zamani. Wa tatu alikuwa yule mzee wa Nungwi. Nilifurahi hata nikaona haya.

Jaji alimruhusu kuuliza.

"Ulipoliwasha tanu, upepo wa kusi ulikuwa ukivuma kwa nguvu?"

"Naam," alijibu baba.

"Tangu lini?"

"Siku ya tatu."

"Na nyumba iko kaskazini ya tanu."

"Naam."

"Ungengoja upepo utulie, ungepata hasara gani?"

Baba aliinama akatazama miguu yake.

Wazee wa mjini walisema ni ajali. Mzee wa Nungwi alisimama akasema, "Mchoma chokaa hawashi tanu upepo ukielekea kwenye makuti ya mtu. Hata watoto wa kwetu wanalijua hilo. Huyu alikusudia." Jaji alimfuata yeye, na baba akafungwa miaka miwili.

Nilitamani kumrukia mzee yule. Kisha nikajionea aibu, maana nilikuwa nimezunguka vijiji nikitafuta mtu wa kumwokoa baba, na muda wote huo nikisema natafuta haki.

Askari walituachia dakika chache nje, kabla hawajampakia garini.

"Nisamehe, baba," nilimwambia huku nalia. "Mimi ndiye niliyemleta."



"Wale wawili walinihurumia," alisema baba. "Huyu alinisikiliza. Walete wengine."

Mwaka uliofuata, wiki ile ile orodha ilipofunguliwa, nilipanda gari la kwenda Makunduchi, kusini.