Propela ya Hatua Fupi

Mama yangu hapigi simu bila sababu, na akipiga huanza na sababu yenyewe, salamu huja baadaye. Wiki iliyopita alinikuta Sumbawanga, nimekaa kwenye benchi la kituo cha mabasi nikifikiria niende wapi. "Yule baba wa propela wa Kibirizi amefariki," akasema. "Wamemzika jana. Kile chuma chake ulimrudishia?" Nikalisogeza begi langu kwa mguu. "Basi hujarudisha," akasema, ndipo akaniuliza hali. Kile chuma kilikuwa ndani ya begi langu, miguuni pangu. Nimetembea nacho Mpanda, Tunduma na kwingineko ambako mmenisoma nikiandika kutoka huko, na makondakta wamewahi kuniuliza ni cha nini. Mimi huwajibu kwamba ni cha mtu.

Marehemu alikuwa na kibanda cha mabati karibu na mwalo wa Kibirizi, bandari ndogo ya wavuvi ziwani, hatua chache kutoka pale wanawake wanapoanika dagaa. Alitengeneza injini za kupachika nyuma ya boti, akanyoosha propela zilizogonga mawe, na akauza zile alizoona zinafaa kuuzwa. Biashara yake haikukua, na sababu ilijulikana na kila mtu: hakumuuzia mtu propela kabla ya kujua boti itabeba nini. Wengine waliudhika wakaenda madukani mjini, ambako hakuna anayekuuliza chochote. Yeye aliwatazama wakienda, kisha akaendelea kupiga tupa.

Nilimfahamu nilipokuwa na mashua ya tanga, ya mbao, niliyoachiwa na baba. Mama alikuwa ameamua kuhama Ujiji na kurudi kijijini kwao, kusini, safari ya kutwa nzima kwa maji. Boti za abiria alizikataa, akisema kitanda chake hakiwezi kukaliwa na watu asiowajua. Nikapata injini ya nguvu za farasi kumi na tano ya kutusaidia upepo ukikatika, ila haikuwa na propela. Nikaenda Kibirizi.

"Mwakeye," akanisalimu kwa Kiha, bila kuinua kichwa.

"Shikamoo mzee. Natafuta propela ya mashine ya kumi na tano."

"Marahaba. Mashine sijaiuliza. Inasukuma nini?"

"Mashua ya tanga."

"Ndani mna nini?"

"Mama yangu na vitu vyake. Vitu vya kawaida tu."

Hapo akainua kichwa. "Mama amekaa Ujiji miaka mingapi?"

"Thelathini na kitu."

"Mwanamke wa miaka thelathini Ujiji hana vitu vya kawaida."

Propela, kwa msomaji aliye mbali na ziwa, hugongwa namba mbili. Ya kwanza ni upana wake. Ya pili mafundi huiita hatua: ni umbali ambao propela ingesonga kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa ubao nayo ikawa skrubu. Mtu asiyejua huona namba kubwa akadhani ndiyo bora, nami nilikuwa mtu huyo. Nikanyoosha kidole kwenye moja iliyokuwa inang'aa, mapanga matatu ya kukata maji, hatua ndefu.

"Hiyo ni ya boti nyepesi, ya mtu anayekimbia," akasema.

"Na mimi nina haraka."

"Wewe una haraka. Mashua haina." Akanionyesha wapagazi waliokuwa wakipandisha magunia ya dagaa kutoka majini. "Mtazame yule mwenye gunia. Anapiga hatua ndefu? Sasa mtazame yule anayerudi mikono mitupu." Akaweka mbele yangu propela nyeusi yenye mikwaruzo, mapanga manne mapana, hatua fupi. "Mashua ya tanga ina mwendo wake. Hata uipachike injini ya meli, haitauzidi. Usiitafutie mbio. Itafutie kitu cha kuisukuma ikiwa imejaa, siku upepo umekugeuka."

Nikamshukuru, nikaenda mjini nikanunua inayong'aa. Kesho yake niliijaribu pale pale Kibirizi, mashua ikiwa tupu, na wapagazi wakapiga mbinja. Yeye alisimama mlangoni kwake anafuta mikono. Niliporudi akauliza kitu kimoja tu: "Mama alikuwa ndani?"

Asubuhi ya kuondoka alikuja Ujiji tulikokuwa tunapakia, hakuna aliyemwita. Akasimama pembeni huku vikipita kitanda cha mninga, makabati mawili, cherehani, jiwe la kusagia, magunia ya mchele na kuku saba. Hakusema neno juu ya propela yangu, jambo lililonifurahisha. Nilimwona akizungumza na mama kidogo na kumkabidhi kifurushi kwenye kiroba, nikadhani ni dagaa za njiani. Kisha akaniambia, "Ukirudi, pita uniambie ilikuwaje."

Mpaka saa tano upepo ulikuwa wetu. Kisha ukakatika, na uliporudi ulikuja kutoka kusini, usoni mwetu, na mawimbi yake. Nikashusha tanga, nikawasha injini. Ikanguruma kwa sauti nzito, ikatetemeka, ikatoa moshi mweusi, na mashua ikakaa palepale. Nikaongeza mafuta, ikanguruma zaidi. Kisha tukaanza kurudi nyuma, na nyuma yetu palikuwa na miamba ambayo dakika chache kabla nilikuwa nimemwonyesha mama kwa uzuri wake. Mama hajui kuogelea. Nikaisemesha ile injini maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa.

"Yule baba amenipa hiki," mama akasema, akivuta kiroba kutoka chini ya miguu yake. "Alisema nikupe ukianza kugombana na mashine."

"Mama! Mbona hukunipa mapema?"

"Nilidhani bado mnazungumza."

Ndani ya kiroba mlikuwa na propela nyeusi, spana ya saizi yake na pini mpya. Nikainua injini, nikalala kifudifudi juu ya ukingo wa nyuma, kichwa karibu na maji. Mama alinishika mkanda kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaishika nati jinsi anavyoishika nauli. Sijui tulitumia muda gani. Najua kuku walikuwa wametulia kuliko mimi. Nilipowasha tena, injini ilipandisha sauti, moshi ukakoma, na mashua ikaanza kupanda wimbi moja baada ya jingine, hatua fupi fupi, kama yule mwenye gunia. Tulifika kijijini jua likiwa limeshagusa milima ya ng'ambo, Kongo. Kitanda hakikulowa.

Niliporudi Ujiji niliiuza mashua na injini yake, nikaivua propela ya watu. Nikapita Kibirizi, nikakuta amekwenda kuswali Ijumaa, na basi langu lilikuwa linaondoka. Hiyo ndiyo sababu, na najua haitoshi. Mtu mwenyewe alikuwa ameomba jambo moja tu, nimwambie ilikuwaje. Tangu hapo nimekuwa nikichagua kazi, nyumba za kupanga na hata marafiki kama nilivyoichagua ile propela ya mjini: navijaribu vikiwa vitupu, vinakwenda mbio, napigiwa mbinja. Siku ya mzigo naanza kugombana na mashine. Sidhani kuwa niko peke yangu. Nchi nzima inapenda majaribio ya mashua tupu. Fundi anayekuuliza kwanza utabeba nini anaonekana anakuchelewesha.

Nilifika matangani, nyumbani kwa marehemu Gungu, siku ya nne baada ya maziko, begi mkononi. Mzee mmoja aliyekaa mkekani alikuwa akiwafariji wenzake kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Labda. Nilikuwa nimetoka kupita kibandani, na uhunzi ulikuwa umefungwa kufuli. Nikampa mkono wa pole mjane wake, nikatoa propela, nikaanza kujieleza kwa nini nimechelewa. Hakuonekana kushangaa.

"Iweke pale na wenzake," akasema.

Nikageuka. Kando ya ukuta wa nyumba, kwenye kivuli, zilikuwa zimepangwa propela nyingine nyeusi, kubwa kwa ndogo, zote za hatua fupi. Miaka yote hiyo nilidhani mkaidi wake nilikuwa mimi tu. Nikaiweka yangu mwisho wa mstari, nikataka kuaga.

"Kaa kwanza, baba," mjane akasema, akinisogezea kiti. "Kila aliyeleta ametueleza ilikuwaje. Marehemu alikuwa anapenda kusikia. Haya, mlibeba nini?"

Swali lilikuwa lile lile. Mara ya kwanza nililijibu kwa maneno machache ya uongo ili niwahi, na karibu nimzamishe mama. Nilichojifunza ni kwamba anayekuuliza mzigo wako hakupekui, anataka ufike. Nikaketi, nikaanza na kitanda, na safari hii sikuacha kitu, hata kuku.